Mguu wa Nyuma wa Kushoto

Tuanze na tonge, maana mambo yaliharibikia hapo. Jumapili mchana Mzee Sindano alikuwa ameketi mezani kwake, tonge mkononi, mkewe kulia, binti yao wa pekee kushoto, na binti akafuta mdomo akasema, "Baba, nina habari yako."

"Ya kheri?"

"Kheri tupu. Tumepata mnyama mpya. Hajawahi kuandikwa popote duniani. Na jina lake la kitaalamu tunalitoa kwenye jina lako. Ijumaa tunamtangaza pale makumbusho, wageni wameshaalikwa."

Mama mtu akapiga kigelegele hadi jirani akachungulia dirishani kuuliza kulikoni. Msimcheke. Mumewe alifanya kazi makumbusho miaka thelathini na sita kabla ya kustaafu, chumba cha nyuma kisicho na feni, akichuna wanyama, akipaka ngozi unga wa boraksi zisioze, akizijaza pamba na kuzishona. Mishono yake ilikuwa haionekani hata uitafute kwa tochi, ndiyo maana wakamwita Sindano na jina la kwao likasahaulika. Miaka yote hiyo jina lake halisi liliandikwa mahali pamoja tu, kwenye daftari la mahudhurio. Binti alikulia chini ya meza ile ya kazi akichezea vipande vya pamba, akasoma, akasoma tena, mpaka akawa daktari wa vinasaba na kurudi makumbusho yale yale, ghorofani, kwenye maabara yenye feni na mafriza. Majirani mpaka leo humletea vikohozi vyao. Amewaambia mara mia kwamba yeye ni daktari wa wanyama waliokufa zamani. Wapi! Wanapanua mdomo tu aangalie koo.

"Mnyama gani?" Sindano aliuliza, meno yote nje.

"Pimbi."

"Pimbi!" Mama akashusha mikono. "Hicho kipanya cha mawe kisicho na mkia? Mume wangu amewakosea nini? Hamkumpatia hata swala?"

"Mama, pimbi si panya. Ndugu yake ni tembo."

"Tembo huyu huyu ninayemjua mimi?"

"Huyo huyo. Ukimwangalia kwa macho utabisha hadi kesho." Binti akasogeza sahani, akaanza kuchora kwa kidole mezani, maana huyu akianza kueleza kazi yake hakamatiki. Kila mnyama, alisema, ana maandishi ndani ya mwili wake, herufi nne tu zinazorudiwa rudiwa, anayarithi kwa wazazi. Kila yanaponakiliwa, herufi moja moja hukosewa, na kosa linarithiwa pia. Walioachana juzi wanatofautiana herufi chache, walioachana zamani wanatofautiana nyingi. Unasoma herufi kwa mashine, unahesabu tofauti, unachora mti wa ukoo. "Sasa huyu wetu kwa sura ni pimbi wa kawaida kabisa. Lakini herufi zake ziko mbali, Baba! Ameachana na pimbi wote tunaowajua kama miaka milioni nne iliyopita. Sura inaweza kukudanganya, vinasaba havidanganyi."

"Mmempata wapi?"

"Kwako! Droo ya kumi na nne. Yule mmoja wa kilima cha mawe. Lebo ina mwandiko wako."

Meno ya Sindano yakarudi ndani. "Mlikata wapi?"

"Kukata nini?"

"Hiyo sampuli. Mlikata sehemu gani ya ngozi?"

Binti akacheka. "Usiogope, sikuharibu kazi yako. Kipande kama punje ya mchele, chini ya wayo. Mguu wa nyuma wa kushoto. Hata hakionekani."

Hapo ndipo tonge lilipomkwama kooni. Alikohoa mpaka macho yakatoka machozi, na mkewe akawa anampiga mgongoni akisema, "Furaha hizo, mume wangu, furaha hizo. Kunywa maji."

Haikuwa furaha. Ilikuwa aibu ya miaka arobaini na moja, na sasa nitawaeleza ilivyoanza.

Sindano alikuwa kijana, mwezi wa pili kazini. Mkuu wa makumbusho wa enzi hizo alirudi safarini na pimbi mmoja. Mmoja tu, kwa sababu kile kilima cha mawe kilikuwa kimeanza kulipuliwa kwa baruti kupata kokoto, na pimbi waliobaki walikimbia au walikufa. Leo kilima chenyewe ni shimo lenye maji ya kijani. Mkuu akamkabidhi mnyama mkononi, akamwambia, "Huyu hana wa pili. Ukimharibu, usinionyeshe uso wako."

Kijana akamchuna kwa uangalifu wote, akapaka boraksi, akaishikiza ngozi kwa pini kwenye ubao na kuuweka ubao karibu na dirisha ipate hewa. Sasa bwana, alasiri hiyo hiyo msichana mmoja aliyekuwa akiuza madaftari kwenye duka la ng'ambo ya barabara alikuwa amekubali, kwa mara ya kwanza, wakutane getini. Sindano akasema dakika kumi tu. Akakaa saa moja na nusu. Na dirisha aliliacha wazi.

Alirudi akipiga mluzi. Juu ya kizingiti cha dirisha alimkuta paka wa mlinzi amekaa kitako, anajilamba. Mguu wa nyuma wa kushoto wa yule pimbi asiye na wa pili haukuwepo.

Mtu mwenye akili zake angesema. Angekwenda kwa Mkuu, angetukanwa, pengine angefukuzwa, basi, yangekwisha. Sindano hakusema. Pembeni mwa chumba kulikuwa na boksi la ngozi za kujifunzia, ngozi kuukuu zilizoletwa na wawindaji, madereva, sijui na nani, hazina lebo wala hakuna aliyejua zilikotoka. Waajiriwa wapya walizishona na kuzifumua mpaka mkono uzoee. Ndani yake akapata pimbi wa saizi ile ile na rangi ile ile. Akamkata mguu, akauloweka ulainike, akaushona kwenye kifundo, akachana manyoya kwa mswaki. Ile ngozi iliyobaki na miguu mitatu akaichoma kwenye shimo la taka, asije mtu akauliza maswali.

Kesho yake, mwili uliposhajazwa pamba na kushonwa, Mkuu alivaa miwani, akamgeuza pimbi huku na huku, akasema, "Mbona sioni mshono? Wewe kweli sindano." Jina likashika siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mjue kwamba tangu siku ile, kila aliyemwita mzee huyu kwa heshima alikuwa anamwita kwa aibu yake, na yeye aliitika.

Na yule msichana wa madaftari ndiye huyo aliyekuwa akimpiga mgongoni mezani.

Jumatatu mke alipeleka kitambaa kwa fundi cherehani, gauni la Ijumaa, la mikono mirefu, "maana tutapigwa picha." Jumanne Sindano alipita kwa kinyozi, na kinyozi akapaza sauti tangu mlangoni, "Baba Pimbi! Karibu kiti, usije ukatangazwa na manywele hayo!" Kibanda kizima kikacheka, yeye naye akacheka. Kicheko kilimuuma kuliko wembe. Alirudi nyumbani akampigia binti simu, akapiga moyo konde, na simu ilipopokelewa akamuuliza kama amekula. Akakata. Akapiga tena, akauliza kama huko mjini kumenyesha.

"Baba, upo sawa?"

"Nipo sawa, mwanangu. Nilitaka kujua tu habari ya mvua."

Msidhani hakutafuta pa kutokea. Alijiambia, nani atajua? Mkuu alishafariki, paka alishafariki, kilima hakipo. Nyamaza tu, kama ulivyonyamaza miaka yote. Lakini binti mwenyewe alimwambia siku nyingi kwamba kazi zao hurudiwa na watu wengine, nchi nyingine, mashine nyingine. Siku moja angekuja mtu na mkasi wake, akate kipande cha mgongo badala ya mguu, na mtoto wake angeitwa mwongo mbele ya ulimwengu kwa uongo ambao hata hakuwa amezaliwa ulipotungwa. Aibu yake mwenyewe alishaizoea, aliamka nayo na kulala nayo. Kumvisha mwanawe ndiko alikoshindwa.

Jumatano asubuhi akavaa shati safi, akatia mkasi mdogo mfukoni, akaenda makumbusho.

Binti alimpokea kwa shangwe, akamvisha koti jeupe, glavu na kofia ya kufunika nywele, ingawa nywele alizobakiwa nazo zilihesabika. Sampuli za kale zilikuwa na chumba chao peke yake, meza zinapanguswa kwa dawa asubuhi na jioni, na aliyeshika nyama mbichi siku hiyo haruhusiwi kukanyaga humo. "Vumbi la mnyama mmoja likimwangukia mwenzake, mashine inasoma vumbi," binti alisema. Alimwonyesha vijichupa vidogo vidogo, alimwonyesha mashine iliyopasha joto na kupoza, ikipasha na kupoza, mpaka kipande kimoja cha maandishi kinakuwa mamilioni na kusomeka. Kisha akamsogeza mbele ya kompyuta.

Mti wa ukoo ulijaza kioo kizima. Pimbi wa bondeni wamesongamana huku, wa milimani kule, wa jangwani chini. Na tawi moja refu limesimama peke yake, na pembeni yake jina halisi la Sindano, lile la kwenye daftari la mahudhurio, limeongezwa herufi mbili za Kilatini mwishoni.

"Ona," binti alisema. "Ni wewe."

Loo, mzee wa watu! Alisoma lile jina mara tatu. Alikaribia kunyamaza tena, nawaambia kweli, ulimi ulishajikunja. Halafu akasema, "Niletee pimbi wangu."

Binti akaleta sinia. Pimbi alikuwa amelala kifudifudi, ametulia, pamba machoni. Sindano akatoa mkasi.

"Baba! Hicho ni kielelezo!"

"Shika taa. Mulika hapa."

Akapasua manyoya ya kifundo kwa ukucha, akakata uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mguu ukaanguka kwenye kiganja chake. Mwili wote ulishonwa kwa uzi mweupe wa makumbusho. Mguu ulishonwa kwa uzi wa bluu, aliouchomoa kwenye pindo la sare yake kwa sababu siku ile mwenye stoo alikuwa ameshafunga.

"Mguu huu si wake," alisema. Akamweleza yote, paka, boksi, dirisha, hata mluzi. Hakujibakizia kitu. Alipomaliza aliinamisha kichwa akangoja binti alie au apige kelele, na alikuwa tayari kwa vyote viwili.

Binti hakulia. Alivua glavu polepole, kidole kwa kidole, akaenda kwenye friza, akatoa kijichupa kimoja, akakiweka mbele yake. Kwenye karatasi yake ndogo kulikuwa na neno moja, sikio.

"Nini hiki?" Sindano aliuliza.

"Kabla ya jarida la sayansi kukubali kuchapisha, wahakiki wake waliniomba nirudie kwa sehemu nyingine ya mwili. Nikakata sikio. Ni miezi minne sasa."

"Ikatoka nini?"

"Pimbi wa bondeni. Wa kawaida. Herufi kwa herufi."

Feni ilikuwa inazunguka. Sindano hakuelewa, au alielewa na hakutaka. "Sasa?"

"Sasa nikajiambia imechafuka. Wiki ile tulikuwa tunashughulika na pimbi wa bondeni, nikasema ni vumbi lao. Ningeweza kurudia, Baba. Ni kazi ya siku mbili! Sikurudia. Nilirudia mguu, mara tatu, kwa sababu mguu ulikuwa unanipa nilichotaka. Nikawaandikia wahakiki kwamba sampuli ya sikio haikufaulu."

"Kumbe ilifaulu."

"Ilifaulu vizuri sana." Akakigeuza kile kijichupa. "Jina lilikuwa limeshakaa pale kwenye mti. Kila asubuhi nikiingia naliangalia kwanza. Nikashindwa kulifuta."

Haya, hebu niambieni, angemkaripia kwa mdomo gani? Alikuja amebeba lake, akidhani anamwangushia mzigo mtoto asiye na kosa, kumbe mtoto naye alishaziba tundu na kuchana manyoya juu yake. Aliona haya kumtazama, na binti aliona haya kutazamwa, wakawa wote wawili wanamtazama pimbi. Sindano alijiuliza ni lini alimfundisha hilo, na hakukumbuka kumfundisha.

"Nisamehe," alisema.

"Wewe ndiye unisamehe mimi. Wewe ulikuwa huna la kufanya, ulikuwa kijana. Mimi nina mashine ya kusema kweli, nikaifunga mdomo."

Kisha binti akainua kichwa ghafla, akauchukua ule mguu kwenye kiganja cha baba yake, akausogeza kwenye taa. Macho yalibadilika, yakawa yale ya utotoni, chini ya meza.

"Lakini mguu haukudanganya," alisema. "Nimeusoma mara nne. Mguu una mwenyewe, na mwenyewe kweli ni mpya. Baba, huyu wa kwenye boksi alitoka wapi?"

"Sijui. Hakuwa na lebo."

"Nani alimleta?"

"Hakuna aliyekuwa anaandika. Zilikuwa za kujifunzia tu."

"Na ngozi yake? Ile iliyobaki? Kama ipo hata kipande, tunaweza kuangalia udongo kwenye manyoya, mbegu, chochote. Iko wapi?"

Mzee aliomba ardhi ipasuke immeze, haikupasuka. "Niliichoma."

"Yote?"

"Yote. Kwenye shimo la taka."

Miaka arobaini na moja aliamini amemharibu pimbi wa kilimani, asiye na wa pili. Wa kilimani alikuwa pimbi wa kawaida, bonde zima limejaa ndugu zake. Asiye na wa pili alikuwa yule wa kwenye boksi, na yeye ndiye aliyemfanya kipuri, akaitia moto ngozi nzima kwa kuogopa kuulizwa. Hapo ndipo binti alipolia. Hakulilia Ijumaa wala jarida, alimlilia yule mnyama, na baba yake alisimama pembeni ya kiti chake na mikono yake mizuri ya kushonea isijue iende wapi.

Mchana ule ule binti aliandika barua mbili, moja kwa jarida, moja kwa mkuu wa makumbusho, na katika zote mbili alitaja sikio kabla ya mguu. Kazi yake aliachiwa, lakini maabara alinyang'anywa funguo, akapewa mtu wa kumsimamia kila anachosoma, na wageni wa Ijumaa wakapigiwa simu wasije.

Nyumbani, Sindano alimkuta mkewe jikoni akilijaribu gauni juu ya nguo nyingine. Akamweleza akiwa amesimama. Mke alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani siku ile ya getini," alisema.

"Siku ile."

"Nilikuambia urudi kazini. Ukaniambia kazi umemaliza."

"Nilikudanganya."

Mke akalivua gauni, akalikunja, akalikunja tena mpaka likawa dogo kabisa. "Majirani nitawaambia mimi," alisema. "Wewe utaanza kulia, watakuonea huruma, na huruma hiyo huistahili." Akatoka. Sindano alimsikia uani akiita jirani kwa sauti isiyotetemeka, akasikia kimya cha jirani, na aliona afadhali angetukanwa.

Ijumaa, saa ile ambayo wageni wangekuwa wanaketi, baba na binti walikuwa wawili tu kwenye chumba cha madroo. Mguu ulikuwa umelazwa kando ya pimbi wa kilimani, kwenye pamba safi. Sindano aliomba lebo na kalamu ya wino usiofutika. Akaandika pole pole, kwa ule mwandiko wake wa zamani: *Mguu huu si wa mnyama huyu. Niliukata kwa pimbi mwingine asiye na lebo, nikaushona hapa, nikaichoma ngozi yake iliyobaki.* Chini yake akaandika majina yake yote matatu. Neno Sindano hakuliandika.

Binti akasoma. "Hilo la kuchoma si lazima, Baba."

"Ni lazima. Asije mtu akapoteza umri wake kuitafuta."

Binti akavuta lebo nyingine. *Sampuli ya sikio ilifaulu. Niliandika kwamba haikufaulu.* Akatia jina lake na tarehe. Alipojaribu kupitisha uzi kwenye lile tundu dogo alilokata mwenyewe sikioni, uzi ukaponyoka mara mbili.

"Nipe," baba yake alisema.

Akafunga ya binti sikioni, akafunga ya kwake mguuni. Alifunga mafundo makubwa, mabaya, ambayo hata fundi wa siku ya kwanza angeyaonea haya, akayavuta yakaze, kisha akaisukuma droo ya kumi na nne ikafunga.